Kitabu, cherehani, bustani na muziki: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Kigoma

Haya maswali nayapata sokoni Mwanga, kwenye daladala ya Ujiji, hata msibani mtu ananivuta pembeni kuniuliza mbegu za mchicha nimetoa wapi. Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Hayajapangwa, nimeyaweka yalivyonijia, we tafuta lako.

Hivi vitu vinalipa? Nikianza kushona au bustani nitapata hela?

Hili ndo linaongoza. Ukitaka hela inawezekana, kuna watu wanaishi kwa cherehani na kuna watu wanasomesha watoto kwa mchicha, hapo sibishi. Ila mi naongelea kitu kingine. Naongelea kushona foronya ambayo utaivalisha mto wako mwenyewe, kumwagilia mche mmoja wa pilipili na kukuta leo umetoa ua, kusoma kurasa chache watoto wakishalala, kusikiliza wimbo mpaka mwisho bila kuurukisha. Siku hizi ukimwonesha mtu kitu ulichotengeneza swali la kwanza ni unauza bei gani, na naelewa kwanini, maisha magumu na kila mtu anatafuta, lakini ukishaanza kuuza tu kuna mteja anataka nguo yake Ijumaa, kuna aliyechukua kwa mkopo hapokei simu, kuna wa kukwambia mbona mwenzako anafanya kwa bei ya chini, na ile raha yote inageuka kazi ya pili juu ya kazi uliyonayo. Ushauri wangu, katika hivi vinne acha hata kimoja kisiuzwe kabisa. Kiwe chako. Usikipigie hesabu.

Sasa muda unaupata wapi? Mi nikirudi nimechoka na kuna watoto.

Kila mtu na ratiba yake, siwezi kukupangia. Ila sisi wa Kigoma tuna kitu wenzetu wa Dar hawana. Tuko magharibi mwisho kabisa wa nchi na saa tunatumia ileile moja, kwahiyo jua letu linazama kama dakika 40 nyuma ya Dar, wenzetu kiza kinaingia sisi bado tunaona tundu la sindano. Mpaka saa moja jioni ukikaa barazani unashona bila taa, unamwagilia bustani bila tochi. Huo muda wa kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi ndo dhahabu yetu na watu wengi wanaupoteza wameinamia simu. Upande wa pili ni kwamba asubuhi kwetu kunachelewa kupambazuka, kwahiyo ukisikia wale wanaosema amka alfajiri usome kabla ya kazi, hapa utasoma kwa tochi. Jioni ndo yetu.

Alafu sio lazima masaa. Robo saa inatosha kupinda pindo la sketi au kung'oa magugu kwenye viroba viwili.

Katika hivi vinne nianze na kipi?

Muziki, maana unao tayari. Alafu kile ambacho ulikipenda ukiwa mtoto.

Sina cherehani, naweza kushona?

Unaweza kabisa, mama zetu walishona kwa mkono na vitambaa vya makochi walivyofuma vipo mpaka leo. Nunua sindano za mkono, uzi mweusi na mweupe, mkasi mkali (huo mkasi usikatie karatasi wala nailoni, utakuwa butu), na tepu ya kupimia. Anza na vitu vya kawaida, kifungo kilichotoka, suruali ya mtoto iliyofumuka, pindo la pazia. Kushona kwa mkono kuna raha yake, hamna kelele, unaongea na watu huku unashona, na unaweza kubeba kwenye mfuko ukaenda nao popote hata kwenye foleni ya hospitali.

Kuhusu vitambaa usikimbilie kununua pande zima la kitenge. Nenda kwa fundi wa nguo mtaani kwako umwombe mabaki, mafundi wengi wanayo yamejaa kwenye kiroba na wengine wanayatupa. Vipande vya vitenge hasa hivi vya rangi kali ukiviunga unapata shuka la mtoto au kava la mto zuri sana.

Ninunue cherehani cha mguu au cha umeme?

Cha mguu. Najua cha umeme kinavutia na ni chepesi, lakini umeme ukikatika katikati ya mshono umekwama, na cha mguu kikipata hitilafu mafundi wake wapo kila mtaa na vipuri vinapatikana. Hata kilichotumika sio mbaya, ila kabla ya kutoa hela zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama kuna kitu kinakwama, shona kwenye kipande chako mwenyewe ulichokuja nacho, angalia mkanda kama haujalegea. Mkanda ukilegea sio tatizo, unakatwa kidogo unaungwa tena. Kikubwa ni mshono, juu na chini uwe umelingana.

Cherehani changu kinakata uzi, na saa nyingine chini ya kitambaa uzi unajikunja wote unakuwa kama tambi. Tatizo nini?

Kujikunja kwa chini mara nyingi tatizo liko juu. Watu wanahangaika na bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) wee kumbe uzi wa juu haujapita sawasawa. Nyanyua mguu wa cherehani (kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano), toa uzi wote wa juu, upitishe upya hatua kwa hatua, hakikisha umeingia katikati ya zile sahani mbili zinazobana uzi, alafu jaribu kwenye kitambaa kibovu. Kama bado, kaza kidogo kile kirungu cha kubania uzi. Kidogo kidogo, sio kuzungusha kwa hasira.

Kukata uzi, anza na sindano. Sindano ikipinda hata kidogo tu au ikiwa butu inakata uzi na inaruka mishono, na ni kitu cha bei ndogo kwahiyo badilisha bila huruma. Kitenge na kanga namba 14 inatosha, vitambaa vyepesi namba 11, jinzi namba 16. Ukishabadilisha sindano uangalie uzi wenyewe, uvute kwa mikono miwili, ukikatika kirahisi ujue umezeeka dukani. Na tafadhali mafuta yawe ya cherehani, yale mepesi, sio mafuta ya kupikia na hasa sio mawese, sisi huku mawese tunayo mengi na tunayapenda lakini kwenye cherehani yanaganda na kukusanya vumbi mpaka chuma hakizunguki.

Nishone nini kwanza?

Mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila nyumba inahitaji mifuko na huu ni mstari ulionyooka tu. Kata kitambaa kigumu urefu sentimita 80 upana 40, kikunje katikati ndani nje, shona pande mbili, pinda mdomo, weka mikanda miwili. Pale mkanda unapokutana na mfuko shona mraba alafu weka msalaba ndani yake, hapo utabeba hata viazi.

Baada ya mfuko fanya foronya. Kama una kanga imechakaa usiitupe, kata kwa namna ambayo yale maandishi yatabaki katikati ya mto. Mi napenda sana hizo, mtu akikaa kwenye kochi anasoma alafu anaanza kukuuliza hii ulipewa na nani.

Mi mwanaume, nikishona au kufuma watanichekaje?

Kaka, pita mtaani uangalie mafundi waliokaa vibarazani na vyerehani vyao, wengi ni wanaume. Wanaokucheka suruali zao zimeshonwa na nani? Endelea.

Sina uwanja, nimepanga chumba. Bustani nafanyaje?

Viroba, ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa, beseni bovu. Kila kitu kinachoshika udongo na kinachotoboka chini. Matundu ni lazima, maji yasipotoka mizizi inaoza. Changanya udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja, na samadi iwe imeoza kweli, ile mbichi inaunguza miche. Weka sehemu inayopata jua angalau nusu siku na umwombe mwenye nyumba kwanza, mpelekee na mboga za kwanza ukivuna, mtaelewana.

Kama una kieneo na kiko kwenye mteremko, na Kigoma hii ya vilima wengi wetu ndo tuko hivyo, matuta yako yalaze kukata mteremko, yasifuate njia ya maji. Mvua zetu zikianza Oktoba au Novemba zinakuja na nguvu, ukipanga tuta kutoka juu kwenda chini udongo wako wote utaukuta kwa jirani.

Nipande nini ambacho hakitanikatisha tamaa?

Mchicha na matembele, basi. Mchicha wiki tatu mpaka nne unakula. Mbegu zake ni ndogo sana kwahiyo changanya na mchanga kidogo ndo umwage, la sivyo zitarundikana sehemu moja, na ikiota ikibanana punguza, hiyo unayong'oa ndo mboga ya leo. Matembele hata mbegu hutafuti, unaomba mche kwa mtu.

Ukizoea ongeza bamia, nyanya chungu, pilipili. Nyanya nakushauri uiache kwanza. Najua kila mtu anataka nyanya, ila inataka kitalu, kuhamisha miche, kuisimamishia miti, miezi kama mitatu ya kusubiri, na kuna mdudu anaitwa kantangaze ambaye anatoboa majani na matunda na kumaliza shamba zima, hata wakulima wakubwa anawatoa jasho. Ukianza na nyanya ikafa utasema huna mkono wa kupanda, wakati mkono unao.

Na maua jamani! Watu wanadharau maua kwa sababu hayaliwi. Weka hata mche mmoja wa asmini karibu na dirisha, usiku ikinukia utajua nilichokuwa nakwambia.

Kiangazi maji yanasumbua, inakuwaje?

Kuanzia Juni mpaka Septemba punguza idadi ya mimea, usipunguze maji kwa kila mmoja. Bora viroba vitatu vinavyoshiba kuliko kumi vinavyonyauka. Mwagilia jioni jua likishapoa, maji yaende kwenye shina sio kwenye majani. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya migomba, hayo matandazo yanashika unyevu sana. Na maji uliyooshea mchele na mboga usimwage.

Kuku wa jirani wananimalizia!

Nenda mwaloni Kibirizi uulize nyavu chakavu za wavuvi, zungushia miti minne. Kugombana na jirani hakufukuzi kuku.

Na wadudu?

Vidukari wale wadogo wanaojazana chini ya majani, wapige na maji kwa nguvu au nyunyiza majivu asubuhi majani yakiwa na umande. Wakizidi chukua majani ya mwarobaini, yaponde, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili ishike, pulizia jioni. Rudia baada ya siku kadhaa hasa kama mvua imeosha. Na mboga uioshe vizuri kabla ya kupika.

Nikishika kitabu nasinzia. Nifanyeje?

Mara nyingi kitabu ndo hakikufai, au umelala kitandani ndo unasoma. Kaa. Toka nje, ukae chini ya mwembe, Ujiji miembe imejaa na kivuli chake ni cha bure. Alafu kama umefika ukurasa wa ishirini na hamna kinachokuvuta, kiache, chukua kingine. Shuleni tulizoeshwa kwamba kitabu ni mtihani, lazima umalize na utaje wahusika na dhamira, kwahiyo mtu mzima akishika riwaya anahisi kuna mwalimu nyuma yake. Hayupo. Unaweza kuruka sura, unaweza kurudia ukurasa mmoja mara tatu kwa sababu umeupenda, unaweza kusoma mwisho kwanza kama roho haitulii.

Vitabu vyenyewe ni ghali, napata wapi?

Anza na maktaba ya mkoa, wengi tunapita tu nje tukidhani ni ya wanafunzi. Ulizia utaratibu wa uanachama. Steshenari zinazouza vitabu vya shule huwa na riwaya na tamthilia za Kiswahili zile zinazofundishwa sekondari, na hizo zilichaguliwa kwa sababu ni nzuri, ukizisoma bila mtihani utashangaa. Watu waliomaliza shule wanazo zimekaa kwenye maboksi, waombe.

Kwa anayetaka kifupi cha kuanzia, Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilitoka mwaka 1951, ni chembamba, kinahusu nchi iliyo angani na mtu aliyeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Kiswahili chake kimekaa zamani kidogo, soma kwa sauti utaona kinavyotiririka.

Mama yangu hajui kusoma, na macho yameshachoka. Yeye atafaidije?

Msomee. Hili jibu ndo nalipenda kuliko yote humu. Kwetu hadithi ilikuwa ya kusikiliza kabla haijawa ya kusoma, wazee walikuwa wanasema "hadithi hadithi" na watu wanaitikia, kwahiyo mama yako sio mgeni kwenye jambo hili, pengine anakuzidi. Jioni mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachambua mchele, mwingine anapachika vifungo. Watoto wanajifanya wanacheza kumbe wanasikiliza. Na utaona mama anakatiza, anasema huyo mwanamke asiolewe na huyo, anabishana na kitabu, na hapo ndo utamu ulipo. Kama yeye mwenyewe anajua kusoma ila herufi hazioni vizuri, apimwe macho, miwani ya kusomea imewarudisha wengi kwenye vitabu na Misahafu na Biblia zao.

Nasafiri na treni kwenda Dar, nibebe nini cha kupitisha muda?

Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200, ndugu yangu, ni zawadi. Kitabu kinene, kufuma (sindano moja ya kufumia na uzi wa sufu, usibebe kazi yenye vipande vingi vidogo vitapotea kwenye siti) na nyimbo zako kwenye simu kwa sababu mtandao porini hamna. Mpaka Tabora utakuwa umeshika kasi.

Muziki gani unaendana na kazi gani?

Hapa kila mtu ana masikio yake lakini nina msimamo. Kushona kwa cherehani, rumba ya Kikongo. Inaanza taratibu, wanaimba, unakata kitambaa na kupanga, alafu magitaa yanafunguka ile sebene yenyewe na mguu wako kwenye pedali unaenda nao bila wewe kujua, mapazia mawili yanaisha. Sisi tunatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, muziki huu haujawahi kuwa mgeni hapa. Msikilize na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo aliyekuja Tanzania mwaka 1978, gitaa la kwao na maneno ya Kiswahili yenye uzito, huyo ukimsikiliza unasimamisha sindano.

Kwenye bustani zilipendwa au Bongo Fleva ya kuchangamka, maana unatembea unainuka unainama. Kufuma, taarab, kwa sababu mikono inajua kazi yenyewe na akili inabaki kufuatilia mafumbo. Kwaya au kaswida kwa wanaopenda, Ijumaa na Jumapili nyumba nyingi hapa zinaamka nazo. Kusoma bila muziki kabisa, au wenye ala tupu kwa sauti ya chini, maneno yakiwa kwenye kitabu na maneno mengine kwenye spika yanagongana.

Na mara moja moja sikiliza tu. Bila kazi yoyote mkononi.

Bando linaisha kwa ajili ya nyimbo.

Redio haili bando. Alafu kuna vijana wanaingiza nyimbo kwenye fleshi na memori kadi, waambie unachotaka, usikubali tu walichonacho. Kiredio kidogo cha sola chenye sehemu ya kuchomeka fleshi kinatosha baraza nzima.

Majirani wanalalamika kelele.

Basi punguza, wana haki. Sabufa kwenye nyumba za kupanga ukuta mmoja ni mateso kwa mwenzako mwenye mtoto mchanga. Adhana ikilia zima, kukiwa na msiba mtaani zima. Ukitumia za masikioni usifungulie mpaka mwisho, baki kwenye kama asilimia 60 hivi, masikio yakiharibika hayarudi.

Mume wangu anasema nakaa bure, napoteza muda na vitambaa na vitabu.

Dada, usibishane nae kwa maneno. Mshonee kitu, hata kaptula ya kulalia. Msomee kile kipande kinachochekesha. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kukaribishwa, wanaona tu umejifungia na kitu wasichokijua. Ila kama ukimkaribisha na bado anataka usiwe na hata nusu saa ya kwako kwa siku, hapo shida sio vitambaa, mkae muongee mkiwa na mtu mzima mnayemheshimu.

Watu wanaazima vitabu hawarudishi.

Andika kwenye daftari jina, kitabu na tarehe, mbele yake akiona. Kile usichoweza kuvumilia kipotee usiazime, sema tu hiki hakitoki. Vingine viache viende, kikisomwa Kasulu au Kibondo huko ni sawa tu.

Naweza kupata mche wa matembele kwako?

Njoo jioni uchukue. Nakata marando ya kama sentimita 30, unayafunga kwenye kitambaa chenye unyevu, unayaweka kivulini siku moja au mbili mpaka yaanze kutoa vijizizi. Panda jioni, fukia vifundo viwili au vitatu, kichwa kibaki nje, mwagilia kila siku wiki ya kwanza. Uje na mfuko wako.